Kava la Traka ya Funguo: Lipi Litadumu Masasi na Newala

Apple walipotoa AirTag mwezi Aprili 2021, walileta kidude cha duara chenye upana wa milimita 31.9, unene wa milimita 8 na uzito wa gramu 11, kisicho na tundu hata moja la kupitishia pete ya funguo. Ukitaka kukining'iniza kwenye funguo zako, nunua kava. Wenzao hawakuwa wachoyo kiasi hicho: SmartTag2 ya Samsung ya mwaka 2023 ilikuja na kitanzi chake, na traka nyingi za Tile na Chipolo zina tundu pembeni. Lakini Moto Tag ya Motorola, iliyotoka 2024, ikafuata umbo lile lile la AirTag, na viwanda vya China vimemwaga sokoni traka za duara za kila jina. Biashara ya makava imekua kwa sababu hiyo, na humo rangi inauzwa kuliko uimara.

Kwa mtu wa Masasi au Newala, kava si urembo. Funguo za huku hazilali mezani ofisini. Zinaning'inia kwenye swichi ya bodaboda inayopanda ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde na abiria wawili na gunia. Ziko kiunoni kwa mtunza ghala wa AMCOS msimu wa korosho. Zimefungwa kwenye pindo la kanga ya mama anayerudi gengeni jioni. Kava linalosifiwa na mtu wa London anayetoka nyumbani hadi kwenye gari lenye kiyoyozi linaweza lisimalize msimu mmoja hapa.

Jua kwanza unalinda nini

Watu wengi huchanganya traka ya Bluetooth na kile kifaa cha GPS kinachofungwa ndani ya pikipiki kwa ajili ya wezi. Ni vitu viwili tofauti. Kifaa cha GPS kina laini ya simu, kinakula bando, na kinapata umeme kwenye betri ya pikipiki. Traka ya Bluetooth haina laini wala GPS. Inatoa ishara ndogo ya redio, na simu yako ikiwa karibu inaisikia. Ukiwa mbali nayo, inategemea simu za watu wengine wanaopita jirani: simu ya mpita njia inapokea ishara, inapeleka mahali ilipo kupitia intaneti, nawe unaona kwenye ramani. Kwa hiyo usiinunue ukidhani itakufukuzia mwizi wa bodaboda hadi Tunduru. Kazi yake ni kutafuta funguo, pochi na begi.

Na simu zinazosikiliza si zote. AirTag inasikilizwa na vifaa vya Apple peke yake, na kuiunganisha kunahitaji iPhone au iPad. SmartTag inataka simu ya Samsung Galaxy. Traka za Android kama Moto Tag na baadhi ya zile za Chipolo na Pebblebee zinatumia mtandao wa Google ulioanza 2024, ambao sasa unaitwa Find Hub. Ukipita soko la Newala utaona Tecno, Infinix, itel na Samsung mikononi mwa watu. iPhone ni chache. Hesabu hiyo peke yake inatosha kumwambia mwenye simu ya Android asivutwe na jina la AirTag.

Lakini hata mtandao wa Google una kikomo chake. Kwa mpangilio wa kawaida, simu huchangia mahali traka ilipo pale tu ambapo simu kadhaa zimeiona, yaani penye watu wengi. Mpangilio huo umewekwa kulinda faragha. Stendi ya Masasi siku ya mnada hakuna shida. Shambani, chini ya mkorosho, ambako siku nzima amepita mtu mmoja na baiskeli, ramani itakaa kimya. Mwenye simu anaweza kubadilisha mpangilio ili simu yake ichangie popote, ila ni wangapi wameshawahi kuufungua?

Kinachobaki ni wewe kurudi ulikopita, simu mkononi, ukiiita traka ilie. Mjini mtandao unakutafutia. Huku kwetu, mara nyingi, ni mlio. Hilo ndilo linapaswa kuongoza uchaguzi wa kava, na ndilo wauzaji hawalisemi. Kava linaloziba mlio ni hasara hata liwe gumu kiasi gani.

Mlio usizibwe

AirTag haina kitundu cha spika kama simu. Ganda lake jeupe la plastiki lenyewe ndilo linalotetemeka na kutoa sauti. Kava likilibana ganda hilo kwa nguvu, au likaweka mpira mzito mgongoni mwake, sauti inakufa ndani. Makava mengi yanayouzwa kama ya kijeshi, yenye kuta nene na skrubu nne, yana kasoro hii: yanahimili kukanyagwa na gari, halafu huisikii traka ikilia ukiwa chumba cha pili.

Jaribio lake ni rahisi, na muuzaji anayekataa usilifanye mwache na bidhaa yake. Weka traka ndani ya kava, funga vizuri, litie mfuko wa suruali pamoja na funguo, mpe mwenzako asogee upande wa pili wa barabara, kisha uiite kwa simu. Kama huisikii hapo mchana, penye bodaboda na muziki wa duka la jirani, usikate tamaa bado. Rudia mahali patulivu, traka ikiwa chini ya godoro au ndani ya gunia la nguo. Ikishindwa na hapo, kava hilo halifai.

Chuma kina tatizo jingine. Mawimbi ya Bluetooth hayapenyi bamba la chuma wala alumini. Kava la alumini lililofunika pande zote mbili linapunguza umbali ambao simu inaweza kuisikia traka, na umbali wenyewe haukuwa mrefu: ndani ya nyumba ya matofali ni kama mita 10, uwanjani ni zaidi ya hapo. Chuma kinakubalika kikiwa fremu ya kuzunguka ukingo tu, uso mmoja au zote mbili zikiwa wazi au zimefunikwa kwa plastiki.

Vumbi, salfa, petroli

Udongo wa uwanda wa juu ni mwekundu na wa kichanga. Kiangazi vumbi lake linaingia kwenye kila mwanya, na mchanga ukishakaa kati ya traka na kava unafanya kazi ya msasa kila hatua unayopiga. Hapa watu hukosea kwa kudhani kwamba kava lililofungwa zaidi ndilo salama. Lililofungwa nusu ndilo baya kuliko yote, kwa sababu linaingiza mchanga na haliutoi. Ama liwe na mpira wa kuziba unaozunguka mwanya wote, ama liwe wazi kiasi cha kulipuliza na kulifuta. Ukiwa na la wazi, itoe traka mara kwa mara ulifute kava kwa kitambaa kikavu.

Kisha kuna salfa. Kuanzia Mei hivi wakulima wanapulizia mikorosho kuikinga na ubwiri unga, na unga ule wa njano unakaa kwenye nywele, kwenye shati na kwenye funguo. Salfa hugeuza shaba na fedha kuwa nyeusi. Pete ya shaba iliyong'arishwa, ambayo dukani ilikuvutia kama dhahabu, itarudi kutoka shambani imekuwa kama imetoka jikoni. Weusi ule ni wa juu tu na hauivunji pete, ila springi ndogo ya kulabu inaweza kukwama unga ukishajaa. AirTag, SmartTag2 na Moto Tag zina kiwango cha IP67: ile 6 inamaanisha vumbi haliingii ndani, na 7 ni kwamba inahimili kuzama kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Traka za bei poa mara nyingi hazina alama yoyote, na kwa hizo kava lenye mpira wa kuziba linakuwa la lazima. Siku ya kupulizia, ushauri wangu ni mfupi: funguo zibaki nyumbani, au zifungwe kwenye mfuko wa nailoni.

IP67 yenyewe isikuleweshe. Kipimo kile ni cha maji yaliyotulia. Mashine ya presha ya kuoshea pikipiki inasukuma maji kwa nguvu ambayo kipimo hakikuijaribu, kwa hiyo chomoa funguo kabla kijana hajafungua bomba. Na kisima cha kuvunia maji ya mvua, ambacho nyumba nyingi za uwandani zimejichimbia kwa sababu ya shida ya maji, huwa na kina cha zaidi ya mita 1. Funguo zikidondoka humo, traka haitakusaidia kwa sababu mawimbi yake yanamezwa na maji. Utahitaji sumaku na kamba, na hapo utashukuru kama pete yako ni ya chuma kinachoshikwa na sumaku.

Petroli ndiyo adui ambaye maelezo ya kwenye boksi hayamtaji kabisa. Dereva wa bodaboda anajaza mafuta kutoka kwenye chupa, yanachuruzika mkononi, na mkono huo huo unashika funguo. Silikoni, ile laini yenye rangi za kupendeza, huvimba ikilowa petroli, na ikirudia rudia inalegea na kuchanika. Plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo inaweza kupata nyufa ndogo ndogo. Inayovumilia vizuri zaidi ni ile inayoitwa TPU, ambayo makava mengi ya simu yametengenezwa nayo: inapinda lakini haivutiki kirahisi, na ukiifinya inarudi na nguvu. Ukibanwa na muda dukani, kumbuka hivi: silikoni ukiivuta inakuwa ndefu kirahisi, TPU inakubishia.

Mafuta ya ganda la korosho nayo yanastahili kutajwa kwa wanaobangua nyumbani. Yanaunguza ngozi ya mkono na yanatia doa la kudumu kava la ngozi ya mbuzi. Nawa kwanza, ndipo ushike funguo.

Pete na tundu lake

Kava haliharibiki katikati. Linaharibika pale pete inapopita. Ukiwauliza mafundi simu makava yanayorudishwa kwao yana shida gani, jibu ni hilo hilo: kitanzi kimekatika. Kwa hiyo lishike kava, lisahau umbo lake na rangi yake, litazame tundu tu.

Ukuta kati ya tundu na ukingo wa nje uwe mnene, walau usiwe mwembamba kuliko sehemu nyingine za kava. Kitanzi cha silikoni kinachovutwa kupitia tundu la silikoni kikate kwenye orodha yako mara moja. Kimetengenezwa kwa begi la mwanafunzi, si kwa rundo la funguo za ghala. Kilicho bora ni tundu lililotiwa kibati cha duara ndani yake, kama matundu ya turubai, kwa sababu pete ya chuma inayozunguka siku nzima ndani ya plastiki tupu inaila taratibu mpaka inatokea. Ukipata kava lenye waya wa chuma uliosukwa na kufungwa kwa skrubu, hilo litadumu, ila kagua skrubu kila mwezi. Mtikisiko wa pikipiki kwenye njia za vijijini unalegeza nati za injini, sembuse skrubu ya milimita mbili. Tone la rangi ya kucha juu ya kichwa cha skrubu linaishikilia vizuri na bado unaweza kuifungua.

Kulabu ya kubonyeza ni nzuri kwa anayetoa funguo mara nyingi, lakini si kila kulabu ni ya kazi. Nyingi zinazokuja na kava zimemiminwa kwa madini laini, yakapakwa rangi ya fedha. Jasho likila rangi, ndani unaona kijivu chenye punje, na siku moja inakatika bila kukuaga. Pete ya duara mbili ya chuma kisichoshika kutu, ile ngumu inayokuumiza ukucha kuifungua, ndiyo ya kuaminika. Duka la vifaa vya ujenzi mara nyingine linakuwa nayo nzuri kuliko duka la simu.

Kuna swali pia la namna kava linavyofungwa. Yapo ya kubonyeza tu, nusu mbili zikishikana kwa meno ya plastiki. Yapo ya kuzungusha kama kifuniko cha chupa. Yapo ya skrubu. Yapo ya kifungo cha kubana kama cha koti. Meno ya plastiki yanachoka. Kifungo cha kubana kinashikilia kwa muda, kisha ngozi inayokizunguka inalegea na kinang'oka na kipande chake. Mimi ningechagua skrubu kwa bodaboda na la kuzungusha kwa mtu wa ofisi au dukani. Kabla hujalipa, litikise karibu na sikio. Traka ikicheza ndani na kugonga, kava si la saizi yake, na kugonga huko kutailegeza betri.

Saizi ndiyo inayowaponza wanunuzi wa mtandaoni. Kava lililoandikwa AirTag linaingia Moto Tag vizuri, lakini traka nyingi za duara zisizo na jina zinazidi au kupungua milimita moja au mbili, na milimita moja hapo ni kubwa. Nenda dukani na traka yako. Ukiagiza Dar es Salaam, pima kwa rula upana na unene, utume namba hizo pamoja na jina la traka.

Fundi wa hapa anaweza

Hulazimiki kusubiri mzigo kutoka Kariakoo. Fundi viatu mwenye sindano ya mkono na uzi wa nailoni anaweza kukushonea kava kwa mpira wa tyubu ya pikipiki, na ukimpa vipimo atakutengenezea linalodumu kuliko mengi ya dukani. Mwambie ashone mara mbili pale kitanzi kinapoanzia, aache dirisha la duara upande wa ganda jeupe ili mlio utoke, na asitumie kipande cha tairi la gari kwa sababu matairi mengi ya gari yana nyaya za chuma ndani yake. Tyubu haipendi petroli nayo, lakini kulibadilisha kunagharimu kipande kingine cha tyubu na dakika chache za fundi.

Ngozi halisi ya ng'ombe au mbuzi inafaa kwa mtu wa kazi za ndani. Inakunywa jasho na kunuka ikilowa, ila ikipakwa mafuta inakaa. Ngozi bandia haina utetezi: jua la Masasi linaibandua kama gome.

Swali litakuja, na lina haki ya kuulizwa Newala kuliko pengine popote: kwa nini tusichonge la mpingo? Mchongaji hashindwi kulitoa, na mti mkavu hauzuii mawimbi kama chuma. Lakini kava linahitaji kuta nyembamba, na mpingo mwembamba ukidondoka kwenye sakafu ya saruji hupasuka kufuata nyuzi zake. Wazungu wanaotengeneza klarineti kwa mpingo wa Afrika Mashariki wanaujua ugonjwa huo wa nyufa miaka mingi sasa. Chonga kipande kizima cha mpingo kiwe pambo kwenye pete ileile, kava libaki la kitu kinachopinda.

Neno moja nje ya makava: ukikuta traka usiyoijua kwenye begi au chini ya kiti cha pikipiki yako, usiipuuze. Tangu 2024 iPhone na simu za Android huweza kukuonya kwamba traka ya mtu mwingine inatembea nawe. Na wewe usimfichie traka mke, mume wala dereva wako.

Betri

AirTag, SmartTag2 na Moto Tag zote zinatumia betri bapa ya CR2032, na jina lenyewe ni vipimo: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Inadumu mwaka na zaidi kwa kawaida. Kwenye AirTag unabonyeza upande wa chuma na kuuzungusha kinyume cha mwendo wa saa, ndipo unafunguka. Kava lililogundishwa kwa gundi litakunyima nafasi hiyo. Baadhi ya betri hizi zimepakwa kitu kichungu ili mtoto aziteme, na Apple wameonya kwamba upako huo unaweza kuzuia mguso wa umeme, traka ikakataa kuwaka. Ikitokea, usiitupe traka kabla hujajaribu betri nyingine.

Uchungu huo haukuwekwa bure. Betri ya upana huo inatosha kukwama kwenye koo la chakula la mtoto mdogo, na ikikwama inaanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili, hata kama imeshaisha nguvu. Kwa nyumba yenye watoto, kava la skrubu lina faida hii juu ya yote niliyoyasema. Betri kuukuu zibandike selotepu pande zote mbili uziweke mbali. Ukishuku kwamba mtoto amemeza moja, usimtapishe, usimpe chakula, usisubiri kuona kama itatoka kesho: mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, Mkomaindo kwa walio Masasi, Hospitali ya Wilaya kwa walio Newala, au Ndanda kama ndiyo iliyo karibu, na umwambie daktari mlangoni kwamba ni betri, wala si sarafu.